Mangale Alitaja Jina Lake

Bongwe

Mwanangu mpenzi Bakari,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, baba? Kifua kimepoa? Nakuuliza kama kwamba uko mbali, na kumbe nasikia zipu ya begi lako inavyokataa kufunga upande wa pili wa ukuta. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila mgongo huu wa kushona makuti ni ule ule. Nimeanza kukusalimu kwa karatasi mapema ili nizoee.

Mambo ya kufua, ya kula kwa wakati, ya baridi ya Nairobi, sitakuandikia. Dada zako wamekuambia hayo mpaka umechoka. Sala pia sitakukumbusha, nimekulea na nakujua. Nina jambo moja tu, lile tulilolianza jikoni leo alasiri likatushinda. Ulisema, "Mama, mimi sikumpiga," ukatoka ukaubamiza mlango. Sikukasirika. Nilibaki nikikuna nazi, nikajiambia, neno lake ni la kweli. Hukumpiga. Mimi pia sikumpiga. Ndiyo maana naandika.

Umepata nafasi ya kusomea utangazaji, na hapa Bongwe hakuna asiyejua kwamba imetokana na ile video. Sasa chuoni wamekuambia kila mwanafunzi mpya awaonyeshe wenzake kazi yake iliyo bora, nawe umechagua hiyo hiyo. Tangu uliponiambia, neno hilo "kazi bora" nalirudia peke yangu hata nikishona makuti.

Nianze na minazi yenyewe, maana wewe umekua wakati mambo haya yanasahaulika. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu aliweza kumuuzia mwenzake kiwanja, na minazi iliyomo ikabaki kuwa ya dada yake au ya shangazi yake, na mwenye minazi akaingia kuangusha nazi zake bila kuomba ruhusa. Mama Nduta alipokuja kutoka bara akanunua lile shamba la marehemu babu yangu, minazi ya upande wa kisima haikuuzwa. Ilibaki ya shangazi yangu Mwanakombo. Mama Nduta aliambiwa hivyo siku ya kununua, akakubali, na hajawahi kuokota hata kidaka, nazi changa iliyoanguka yenyewe.

Shangazi akaugua, akalazwa hospitali ya Msambweni. Akiwa kitandani akamtuma Mangale, mkwezi wake wa miaka yote, Mduruma wa Kinango, akamwambia, "Kaniangushie zile za kisimani, nipate za matumizi." Mangale akaja, akapanda. Mkwezi hulipwa kwa nazi, na nazi zake huziweka kando na za mwenyewe. Basi akazitenga zake chini ya mnazi wa mwisho, akazifunika kwa kuti zisipigwe na jua. Vijana waliopita wakaona mtu wasiyemjua juu ya mnazi, katika shamba la Mama Nduta, na chini kuna nazi zimefunikwa. Hawakuuliza. Wangemuuliza nani? Wazee wengi wanaojua minazi hiyo ni ya nani wamekwisha kufa, na sisi tuliobaki hatukuwaambia watoto wetu.

Mimi nilikuwa kibandani na kina mama wenzangu tukishona makuti ya hoteli. Tukasikia "mwizi" mara moja, kisha tukalisikia kutoka kila upande. Wajua neno hilo linavyovuta watu, mtu huacha chai mezani. Tulipofika, Mangale alikuwa chini. Hakuteremka mwenyewe. Walimrushia mawe akiwa juu, jiwe likampata kiwikoni akaachia, akaserereka kwenye gome mpaka kifua kikachunika chote. Chini walimpokea kwa mateke. Mwenye ubao alitumia ubao. Asiye na kitu aliokota dafu, lile lile alilolikata Mangale, akamtupia nalo mgongoni, nikasikia mlio wake mzito, kama gunia limeangushwa sakafuni. Mmoja akaichukua kamba ya mkwezi, ile ya kufunga miguuni, akamfungia mikono nyuma. Mkono mmoja ulikuwa umeshavunjika. Alipiga ukelele ambao mpaka leo hunijia nikiwa kwenye sijda.

"Mduruma wewe, kwenu kumekauka, ndiyo umekuja kutukaushia na sisi?"

"Hizi ulizofunika umemfichia nani? Mkeo?"

"Mpekueni vizuri, huenda ameimeza nyingine."

Watu wakacheka. Nataka hilo tulikumbuke pamoja, Bakari, kwamba palikuwa na vicheko, kama arusini. Mmoja akamwambia mwenzake, "Buda, kimbia stejini kwa bodaboda ulete petroli." Yule akauliza, "Na nani analipa?" Wakacheka tena, lakini alikwenda.

Nilijipenyeza mpaka mbele. Minazi ile naijua, nimekula nazi zake tangu sina meno. Nilijua ni ya shangazi, nikajua na huyu ni nani, ingawa uso ulikuwa umevimba hautambuliki. Nikafungua kinywa, nikasema, "Jamani, minazi hii si..." Na wewe nyuma yangu, simu umeinua, ukasema, "Mama, sogea, wanikinga."

Nikasogea.

Ulisema kwa adabu, kama unavyosema ukitaka kupita na ndoo ya maji. Nami nikasogea kama mama anayempisha mwanawe afanye kazi. Na ile nafasi niliyoiacha ndiyo aliyopitia yule kijana mwenye buti, akamkanyaga Mangale usoni, akarudia. Jicho la kushoto lilipotea hapo. Limo ndani ya video, na sauti yako na mgongo wangu vimo.

Aliyemwokoa ni Mama Nduta, mbara ambaye sisi kina mama humcheka kwa Kiswahili chake. Alikuwa akirudi sokoni na kikapu cha kabichi. Alikitupa, akaingia katikati, akamlalia Mangale kwa mwili wake. Petroli ilikuwa imeshamwagwa, ikalowesha na gauni lake. Jiwe lilimpata begani, hakuinuka.

"Hii shamba ni yangu," alisema. "Lakini hii minazi si yangu. Ni ya ule mama ako hospitali. Huyu ametumwa na yeye."

"Toka hapo, mama. Sisi tunakulindia shamba lako, na wewe unatetea mwizi?"

"Kama ni kuchoma, mchome sisi wawili. Haya, washa."

Mwenye kiberiti alitazama huku, akatazama kule, akakirudisha mfukoni. Kisha watu wakaanza kuulizana ni nani hasa aliyesema kwanza kwamba ni mwizi. Hakupatikana. Kila mtu alikuwa amesikia kwa mwenzake. Wakatawanyika, wengine wakinisalimu, "Shikamoo mama," na damu iko kwenye viatu vyao. Nami nikaitikia, marahaba.

Video uliyoisambaza inaishia kwenye petroli. Mama Nduta hayumo. Nilipokuuliza, uliniambia watu hawatazami kitu kirefu. Ukaandika juu yake, "Mwizi wa nazi ala kibano Bongwe." Ikatembea. Kina mama wakaniambia, "Mama Bakari, mwanao amefika mbali." Nami nikafurahi, siwezi kukuficha. Nilikupikia wali wa nazi siku hiyo. Niliituma mwenyewe kwenye kundi la wanawake wa msikitini, nikaandika, hii ni kazi ya mwanangu, mwombeeni dua. Wakakuombea. Mangale yuko hospitali hajui kama ataona tena, na sisi tunakuombea dua kwa kipigo chake.

Kisha siku moja uliniachia simu yako niongee na mjomba wako, vidole vyangu hivi vikagusa nisipopajua, nikaikuta ile ndefu, isiyokatwa. Vile vya masikioni, ulivyonivisha nimsikie mjomba wako, bado nilikuwa navyo. Nikasikiliza. Mangale alitaja jina lake. Tangu jiwe la kwanza alikuwa akilitaja. "Naitwa Mangale. Nimetumwa na Bibi Mwanakombo. Mpigieni simu, yuko Msambweni. Naitwa Mangale." Alisema tena na tena, na kila mara maneno yakipungua, mpaka mwisho likabaki jina peke yake, "Mangale, Mangale," kama mtu anayejikumbusha. Simu yako ilisikia yote. Sisi tuliofundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo kwamba masikio na macho yetu yataulizwa, tulisimama karibu kuliko simu na hatukusikia.

Usidhani nakuhukumu kutoka mahali pa juu. Mimi niliishia darasa la saba, na nilisifiwa sana kwa kusoma kwa sauti. Mwaka ule wa vurugu, nikiwa msichana, vilienezwa vikaratasi vya kuwaambia watu wa bara waondoke pwani. Babu hakujua kusoma. Wazee wakaniita barazani, "Mejumaa, hebu tusomee." Nikasoma kwa vituo na mkazo, kama mwalimu alivyonizoeza. Wakasema mashallah, mtoto anasoma. Hazikupita siku nyingi, fundi cherehani mmoja wa bara, aliyenishonea sare yangu ya shule, akakatwa mapanga mlangoni kwake. Cherehani yake ikachomwa uani pamoja na nguo za watu. Nilipita pale nikaona chuma kimekuwa cheusi na vitambaa vimegandamana nacho. Hata maiti alikuwa bado hajaondolewa, miguu ilikuwa imetoka nje ya kizingiti, na mguu mmoja una kiatu.

Nilijua kusoma kila neno la karatasi ile. Lakini sikuwahi kuulizwa darasani, hawa wanaotajwa hapa ni kina nani, wewe unamjua hata mmoja wao, amekufanyia nini? Kama mwalimu angekuwa ameniuliza hivyo hata mara moja, labda ningekwama katikati ya sentensi. Labda. Sitajisifu kwa jambo ambalo sikulifanya. Ila nimeona kwamba mtu anaweza kufundishwa kusoma, na mwingine kufundishwa kupiga picha, na wote wawili wakawa hodari, na bado mtu akaumizwa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mwezi uliopita nilipopanda gari na Mama Nduta, nikakuambia twaenda Kinango kutazama mbuzi, tulikwenda kwa Mangale. Nilitaka kumwomba radhi, na nilimwogopa, ndiyo maana nikamchukua Mama Nduta awe mbele. Tulimkuta ameketi nje, mkono umeunga vibaya, haupandi juu ya bega. Hatakwea tena. Mkewe alitupa maji ya kunywa, na maji kule wayajua yanavyopatikana. Binti yao, Umazi, alikuwa amejifungia ndani. Ameacha kwenda shule. Video ilifika Kinango kabla baba yake hajatoka hospitali, na wenzake wakawa wakimwita mwana wa mwizi.

Mama yake akatuomba tumsindikize shuleni akazungumze na mwalimu wa darasa. Umazi akafuata nyuma yetu, akabaki mbali kwenye ua. Tulifika wakati wa mapumziko. Bakari, sikiliza niliyoyaona uwanjani. Mtoto mmoja amepanda nguzo ya goli. Wengine wanamvuta, anaanguka, wanampiga kwa matawi yenye majani. Mmoja ameinua ndala yake mbele ya uso, ameishika kwa mikono miwili, kama simu. Na kuna msichana amejifunga leso kichwani, anaingia katikati anasema, "Jamani..." Mwenye ndala anamwambia, "Mama, sogea, wanikinga." Msichana anasogea, na wote wanacheka.

Walikuwa wakicheza sisi.

Yule mwalimu, binti mdogo tu, alituambia amewahi kuwachapa kwa mchezo huo, wakauhamishia nyuma ya vyoo. Amewahi kuwahutubia, wakamsikiliza, wakaenda kuucheza njiani. Siku hiyo hakuchapa wala hakuhutubia. Alimwita yule msichana wa leso, akamnong'oneza, akamrudisha. Mchezo ukaanza tena. Mtoto akaanguka, matawi yakapigwa, msichana akaingia.

"Mama, sogea, wanikinga."

"Sisogei."

"Sogea bwana, ndivyo ilivyo kwenye video."

"Nimesema sisogei."

Mwenye ndala akazunguka upande wa pili, msichana naye akazunguka naye. Wenye matawi wakasimama, hawajui wafanyeje. Yule aliyelala chini akainua kichwa akauliza, "Sasa mimi nife ama nisife?" Mchezo ukakwama hapo, mwenye ndala akaivaa mguuni.

Ndipo mwalimu akaketi nao pale pale mchangani. Akamuuliza kila mmoja, huyu uliyekuwa unamwigiza, asubuhi ya siku hiyo kabla hajafika pale, alikuwa akifanya nini? Mwenye tawi akasema, alikuwa akitafuta kazi, hakupata. Yule aliyekuwa Mangale akasema, alikunywa uji na mtoto wake. Aliyekuwa wewe akasema, "Huyu alikuwa anataka watu wamwone." Mwalimu hakumsahihisha wala hakumsifu. Aliuliza tu, "Wamwone akiwa nani?" Swali hilo nimerudi nalo Bongwe.

Nisikudanganye kwamba siku ile ilitengeneza kila kitu. Umazi hakuingia darasani. Amerudi baadaye, na siku nyingine bado hukataa kwenda. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba watoto wale wamefundishwa mara mbili, kwanza na sisi, halafu na yule binti, na somo la kwanza ndilo lililofika mbali zaidi kwa sababu lilikuwa na simu yako.

Nilimweleza Mangale habari ya ile video ndefu, na tulipokuwa tukiaga nikamwambia, "Nitamwambia mwanangu aifute." Nilidhani nampa zawadi. Akanitazama kwa lile jicho lililobaki, akasema taratibu, hata bila hasira, "Akiifuta atapumzika yeye. Mimi watu wameshaniona."

Nikamuuliza, "Basi wataka afanye nini?"

"Aje. Yeye ameniona nikiwa chini tu. Aje anione nimeketi. Simu aiweke mfukoni kwanza, tuzungumze. Tukimaliza, nitamwambia mwenyewe ile picha ndefu aifanye nini, maana waliomo ni mimi na huyu Mama Nduta. Si yeye."

Nikamwahidi kwamba nitamletea jibu lako. Ndilo nililotaka kukuambia jikoni nikashindwa kulianza vizuri, nikaanza na lawama, ukaubamiza mlango.

Sikukatazi simu, mwanangu, wala sikukatazi kazi hiyo. Wapo watu ambao hakuna atakayejua wameteswa mpaka awepo mtu wa kuinua simu, na ningependa mtu huyo awe wewe. Najua una jicho zuri, ulilipata kwa babako, Mungu amrehemu. Lakini ukisimama mbele ya wanafunzi wenzako ukawaonyesha ile fupi ukasema hii ndiyo kazi yangu bora, Mangale atakuwa mwizi tena mbele ya watu wapya, na hao ndio watakaokuwa na redio na televisheni kesho. Umazi ana miaka mingi ya shule mbele yake. Nafikiria hilo kuliko jambo lolote lingine katika safari yako.

Gari la asubuhi litakupitisha Kombani. Ukiteremka pale, wapanda la Kwale, kisha la Kinango. Nyumba yake iko nyuma ya soko la mifugo, utaulizia kwa Mangale mkwezi, bado wanamwita hivyo. Ukitoka kwake kuna gari za Mariakani, na mabasi ya Nairobi yote yapita hapo, kwa hivyo safari yako haiharibiki, ni kuchelewa tu. Usimpelekee chochote, hataki. Mpe shikamoo, umwambie wewe ni nani, halafu umwache aseme. Yatakuwa magumu kusikia. Anaweza kukufukuza. Hata hivyo ukae mpaka akuambie uondoke.

Nitakutia barua hii mkononi asubuhi, uisome kabla hujafika Kombani. Sitakupigia simu kukuuliza, maana ukinijibu kwa sauti nitajua unanipendezesha, na mimi nitakubali upesi kwa sababu nakupenda.

Kwa hivyo nijibu kwa kuandika, baba, na usikawie. Hata mistari michache yatosha. Niambie kama uliteremka au ulipita. Kama ulipita niambie vile vile, sitakulaani na dua yangu haitakupungukia. Ila Mangale anasubiri jibu, na ni mimi nitakayepanda gari kwenda kumwambia.

Mamako akupendaye,
Mejumaa